Njia ya MS: Kutoka Paris, Kupitia Mulago

Desemba 1822, afisa mmoja kijana wa jeshi la Uingereza alifunga safari kutoka kusini mwa nchi yake hadi milima ya Uskoti kumtembelea jamaa aliyempenda kama baba mzazi. Alifika akakuta mwenyeji wake amekwisha fariki. Mazikoni alijikaza asidondoshe chozi mbele za watu. Muda mfupi baadaye barua zikaanza kumshinda: macho yaliingia ukungu hata akawa anasomewa anachoandikiwa, na majibu yake yakiandikwa na mikono ya wengine. Kisha, bila dawa wala mganga, macho yakarudi kama kawaida.

Jina lake Augustus d'Este, mzaliwa wa mwaka 1794. Babu yake alikuwa Mfalme George III, ila wazazi wake walioana Roma bila idhini ya mfalme na ndoa ikabatilishwa, kwa hiyo mjukuu huyo wa mfalme akakua akihesabiwa mtoto wa nje ya ndoa. Alihangaika miaka mingi kudai hadhi yake na hakuipata. Jambo lililomweka katika historia ni jingine kabisa, tena hakulikusudia: aliweka daftari la mwili wake. Kwa zaidi ya miaka 20 aliandika kila kilichompata, tarehe na mahali, kwa utulivu wa karani wa stoo. Daftari hilo lilikuja kuonekana karibu karne moja baada ya kifo chake, na mwaka 1948 Douglas Firth akalichapisha pamoja na maelezo. Madaktari wa leo wakilisoma hawasiti sana. Mtu huyu alikuwa na maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wenyewe huuita kwa kifupi MS.

Mwaka 1827 d'Este alikuwa Florence, Italia. Akaanza kuona kila kitu viwili viwili. Daktari wake akasema ni nyongo. Akawekewa ruba, akatolewa damu, akapewa dawa ya kutapisha. Macho yalipopata nafuu, zamu ya miguu ikafika: nguvu zilipungua siku hadi siku mpaka akawa anaanguka, na mtumishi wake ndiye aliyembeba kumrudisha kitandani. Tabibu mwingine akaja na maoni yake: ale nyama ya ng'ombe ya kuchoma mara mbili kwa siku, anywe mvinyo, achuliwe. Miguu ikarudi. Bila shaka nyama ikapewa sifa, kama inavyopewa sifa kila dawa inayomkuta mgonjwa wa MS akiwa ameshaanza kupona mwenyewe.

Miaka iliyofuata iliendelea vivyo hivyo. Ganzi ilikuja ikaondoka. Haja ndogo ikawa ya shida. Akienda kuoga maji ya chemchemi za Ujerumani, alirudi na nafuu kidogo, kisha nafuu ikayeyuka. Kufikia miaka ya 1840 vipindi vya kupona vilikuwa vimekoma. Ilibaki safari ya kushuka tu, kutoka fimbo moja hadi mbili, kisha kiti cha magurudumu. Alikufa Desemba 1848. Katika miaka yote hiyo hakuna daktari hata mmoja aliyempa jina la ugonjwa wake, kwa sababu jina lenyewe halikuwapo.

Hata hivyo alama zake zilikuwa zimeshaonekana mezani kwa wapasua maiti. Robert Carswell, Mskoti aliyekuwa na kipaji cha kuchora, alitoa mwaka 1838 kitabu cha picha za viungo vilivyoharibiwa na magonjwa. Katika picha mojawapo ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo umejaa mabaka ya kahawia. Miaka hiyo hiyo, Paris, Jean Cruveilhier alikuwa akichapisha picha za aina hiyo, naye alikuwa na zaidi ya mabaka: aliweza kueleza jinsi wagonjwa wake walivyoishi kabla ya kufa, miguu ilivyowaishia nguvu na mikono ilivyopoteza shabaha. Lakini hawa walikuwa wakitazama mwisho wa hadithi. Kuuunganisha mwisho huo na mtu anayetembea wodini kulihitaji hospitali ambamo wagonjwa hawatoki.

Hospitali hiyo ilikuwa La Salpêtrière. Zamani ilikuwa kiwanda cha baruti. Karne ya 19 ilikuwa mji ndani ya mji wa Paris, na ndani yake maelfu ya wanawake, wazee, maskini, wenye kifafa, wenye wazimu, waliotupwa na jamaa zao. Mwaka 1862 Jean-Martin Charcot alipewa wodi humo pamoja na rafiki yake Alfred Vulpian. Walifanya jambo ambalo mpaka hapo hakuna aliyejisumbua kulifanya: walimpima kila mwanamke, wakaandika, wakasubiri. Mgonjwa alipofariki walimpasua wakalinganisha maandishi na ubongo. Ni kazi ya subira, na tuseme wazi, ilijengwa juu ya wanawake ambao hawakuwa na pa kwenda.

Sigmund Freud, aliyesoma kwa Charcot mwaka 1885, alisimulia kisa ambacho madaktari wa mishipa ya fahamu wanakipenda hadi leo. Charcot alikuwa na mtumishi wa nyumbani aliyetetemeka mikono kwa namna ya ajabu. Hakuna nyumba nyingine ambayo ingemwajiri, kwa kuwa sahani na vikombe vilimponyoka kila siku. Charcot hakumfukuza. Aliendelea kulipia vyombo vilivyovunjika kwa miaka, huku akimtazama anavyonyosha mkono kuchukua kitu na mkono unavyozidi kutikisika kadiri unavyokikaribia. Mwanamke yule alipofariki, Charcot alikuta mabaka ndani ya ubongo na ugwe wake. Sijui kama ni huruma au ni utafiti. Huenda Charcot mwenyewe hakuona tofauti. Jina la mtumishi huyo halikuwekwa mahali popote ambapo msomaji wa kawaida angeliona, lakini sahani zake zilihesabiwa.

Mwaka 1868 Charcot alisimama mbele ya wanafunzi wake akaueleza ugonjwa huo kikamilifu na kuutenga na ule wa Parkinson, ambao hadi wakati huo ulichanganywa nao. Alitaja dalili tatu za kuutambulia: macho yanayochezacheza, mkono unaotetemeka unapotumika, na maneno yanayotoka silabi moja moja. Kwa matibabu alijaribu striknini, chumvi za dhahabu na za fedha, na alikuwa mkweli kwamba hakuna kilichosaidia.

Dalili zake tatu zilisaidia, kisha zikadhuru. Zilitokana na wagonjwa waliokuwa wameshalala wodini miaka mingi, hivyo zilikuwa dalili za ugonjwa uliokomaa. Msichana aliyefika kwa daktari mwaka 1900 akisema mguu umekufa ganzi wiki mbili na jana umepona, hakuwa na hata moja kati ya hizo tatu. Alirudishwa nyumbani na neno histeria. Vitabu vya mwanzo wa karne ya 20 viliandika kwamba MS huwapata zaidi wanaume. Leo tunajua wanawake ndio wengi, kiasi cha mara mbili ya wanaume au zaidi. Wagonjwa wale walikuwapo wakati wote, wamefichwa chini ya jina jingine.

Ni vema tusimame tueleze kinachotokea mwilini. Ubongo na ugwe wa mgongo hutuma amri na kupokea habari kupitia nyuzi nyembamba za mishipa ya fahamu. Nyingi kati ya hizo zimezungushiwa utando wa mafuta uitwao mayelini, tabaka juu ya tabaka, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Utando huo una mapengo madogo, ambayo Louis Ranvier aliyaeleza katika miaka ya 1870, na ujumbe huruka kutoka pengo hadi pengo badala ya kutambaa. Ndiyo sababu katika nyuzi nene unaweza kwenda mita 100 kwa sekunde moja. Katika MS, chembe za kinga ya mwili, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hupenya kutoka kwenye damu hadi ndani ya ubongo na kuushambulia utando huo. Mahali palipochubuliwa ujumbe huchelewa, hupotoka au hukatika. Pakipoa hubaki kovu gumu, na hayo ndiyo mabaka aliyoyachora Carswell.

Kwa hiyo mtu ataugua nini hutegemea bahati mbaya ya mahali. Shambulio likiupata mshipa wa jicho, jicho moja hufifia kwa siku kadhaa, rangi nyekundu huonekana imechujuka, na kuligeuza jicho huuma. Likipata ubongo wa nyuma, mwendo unakuwa wa mlevi hata kwa asiyegusa pombe. Likipata ugwe wa mgongo, ganzi hupanda kutoka nyayo hadi kiunoni, miguu hukakamaa, kibofu hakishiki au hakiachii. Wapo wanaoinamisha shingo wakahisi shoti ya umeme ikishuka mgongoni. Mfaransa Jean Lhermitte aliifanya dalili hiyo ijulikane mwaka 1924. Na wapo, wengi mno, wanaolalamika uchovu ambao usingizi hauuondoi, na hakuna anayewaamini kwa kuwa hauonekani.

Joto nalo lina hesabu yake. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliona wagonjwa ambao macho yao hufifia wakifanya kazi nzito na kurudi wakipumzika. Baadaye ilijulikana kwamba ni joto la mwili: mshipa uliovuliwa utando hushindwa kabisa kupitisha ujumbe joto likipanda hata kidogo. Kwa miongo kadhaa madaktari walimtumbukiza mgonjwa katika maji ya moto ili kuona kama dalili zitajitokeza. Hali hiyo haiongezi uharibifu, lakini mwenye MS anayeishi Mombasa au Dar es Salaam mwezi Machi hahitaji beseni la maji ya moto kuielewa.

Takriban asilimia 85 ya wagonjwa huanza kama d'Este alivyoanza: shambulio, nafuu, kimya, shambulio jingine. Nafuu huja kwa sababu uvimbe hupoa, utando hujirekebisha kiasi, na ubongo hutafuta njia za kupitia pembeni. Akiba hiyo ina mwisho. Nyuzi zilizokaa uchi muda mrefu hufa, na zikifa hazirudi. Wengine wachache hawapati hata hicho kipindi cha nafuu. Ugonjwa hushuka nao tangu siku ya kwanza.

Mei 1, 1945, mwanamke kijana wa New York, Sylvia Lawry, alilipia tangazo dogo katika gazeti la The New York Times. Kaka yake alikuwa na MS, na madaktari hawakuwa na la kumwambia. Aliomba yeyote aliyewahi kupona ugonjwa huo awasiliane naye. Hakuna aliyeandika kusema amepona. Walioandika walikuwa wagonjwa wengine na ndugu zao, wakimwomba awaarifu akimpata mtu huyo. Mwaka uliofuata Lawry aliunda chama kilichokuja kuwa chama cha taifa cha MS nchini Marekani, na mwaka 1967 akaanzisha shirikisho la kimataifa. Fedha za utafiti wa miongo iliyofuata, nyingi zilitokana na tangazo lile.

Sasa tuhamie Kampala, kwa kuwa hapa ndipo historia hii inapopita bila wengi kujua.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne. Burkitt alikuwa Mwairishi, na tangu utotoni alikuwa na jicho moja tu. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitazama nje kupitia dirishani akaona mtoto wa kike amekaa kwenye majani na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka kwenda kumpima, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Akapekua majalada ya Mulago, akawakuta watoto wengine wengi. Ilikuwa saratani ambayo kila daktari aliiona kwa jina lake tofauti, la taya, la jicho, la figo, na hakuna aliyeona kuwa ni moja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari kuukuu aina ya Ford kwa wiki kumi, kilomita kama 16,000, kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza kama ugonjwa huo wanaujua. Unapatikana wapi, haupatikani wapi, hilo tu.

Machi mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London. Nyuma ya ukumbi alikaa mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, ambaye aliamini papo hapo kwamba kuna kirusi nyuma ya saratani ile. Mulago ikaanza kumtumia vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa karibu miaka mitatu hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kutoka Kampala ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kichupa kilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angedhani yameoza akayamwaga. Epstein aliyatazama kwa hadubini akakuta chembe za saratani zinaelea hai. Yeye, Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, wakazikuza maabara, na mapema mwaka 1964 wakaviona virusi vyenyewe. Epstein alizima hadubini, akatoka nje akazunguka jengo kwenye theluji bila koti kabla hajathubutu kutazama tena. Kirusi kiliitwa Epstein-Barr. Mtoto wa Uganda aliyetoa chembe zile hakutajwa.

Baadaye ilifahamika kwamba kirusi hicho wanacho karibu watu wazima wote duniani, kiasi cha 95 kwa 100. Hupita kwa mate, hujificha ndani ya chembe za kinga ziitwazo chembe B, na hakitoki tena mpaka kufa. Watoto wengi wa Afrika hukipata wadogo sana bila kuugua. Kwa anayekipata katika ujana, kama ilivyo kawaida Ulaya na Marekani, huweza kuleta homa ya tezi inayomlaza wiki kadhaa. Watafiti waliona zamani kwamba waliougua homa hiyo hupata MS zaidi kuliko wenzao. Lakini utamshtakije mshukiwa anayekaa ndani ya kila mtu?

Jibu lilitoka katika majokofu ya jeshi la Marekani, ambalo huweka damu ya askari wake. Mwaka 2022 Alberto Ascherio wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya askari milioni 10 kwa miaka 20. Waliopata MS walikuwa 955. Katika 801 waliokuwa na damu ya kupimika, ni mmoja tu aliyekuwa hana kirusi kabla ugonjwa haujaanza. Kilichofunga hoja ni kundi dogo: wagonjwa 35 ambao damu yao ya mwanzo haikuwa na kirusi. Kati yao 34 waliambukizwa kwanza, ndipo MS ikafuata. Hatari iliongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi hiki, na virusi vingine vilivyopimwa havikuonyesha kitu kama hicho. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walionyesha njia mojawapo: sehemu ya protini ya kirusi inafanana na protini iliyomo ndani ya ubongo, na kinga iliyojifunza kupiga ya kwanza huipiga na ya pili.

Kirusi peke yake hakitoshi, vinginevyo tungeugua sote. Zipo jeni: uchunguzi wa mifupa ya kale uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba jeni kuu ya hatari iliingia Ulaya kaskazini na wafugaji wa nyika kama miaka 5,000 iliyopita. Upo upungufu wa jua na vitamini D, upo uvutaji wa sigara. Umri wa kuambukizwa nao unaonekana una uzito. Huenda mchanganyiko huo ndio sababu MS ni haba Afrika Mashariki ilhali kirusi tunacho tele.

Lakini uhaba huo nauamini nusu. Kipimo cha MRI kilianza kuonyesha mabaka ya MS kwa mtu aliye hai mwaka 1981, huko London. Kabla yake na bila yake daktari hubahatisha. Kwetu mashine hizo ni chache na zimejazana miji mikubwa, madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu wanahesabika, na mguu uliokufa ganzi una maelezo mengine kumi tayari, kuanzia kifua kikuu cha uti wa mgongo hadi jini. Tena watafiti wa Uingereza waliripoti mwaka 1990 kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi wahamiaji kutoka Afrika, Karibi na Bara Hindi hupata MS karibu sawa na Waingereza wengine. Ngozi na asili si ngao.

Dawa ya kwanza iliyopunguza mashambulio, interferoni beta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Zilizofuata ni nyingi na kali zaidi, na zinazofanya vizuri kuliko nyingi ni zile zinazoziondoa chembe B, yaani nyumba yenyewe ya kirusi kile. Mojawapo, ocrelizumab, mwaka 2017 ikawa ya kwanza kuidhinishwa hata kwa wale wasiopata nafuu tangu mwanzo. Hakuna inayorudisha nyuzi zilizokufa, kwa hiyo faida yake ni kubwa kwa aliyeanza mapema. Bei zake ni za kutisha, ila Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha ya dawa muhimu, na moja kati ya hizo ni rituximab, ambayo hospitali kubwa za Afrika Mashariki zinaijua kwa sababu hutibu saratani za damu na tezi.

Basi ukiwa kijana, au una mtoto au mdogo wako ambaye jicho lilimfifia siku kadhaa likarudi, au ganzi ilimpanda kiunoni ikaondoka yenyewe, usihesabu yamekwisha. Andika tarehe, andika ilichukua siku ngapi, na umpelekee daktari karatasi hiyo hata kama umefika ukiwa mzima.